Gita kavu lililokwisha kutumika: nipime sura, sauti au linavyokaa mkononi?

Mwanagenzi ameuliza:

Salamu kwenu nyote mnaopiga na mnaotengeneza magita. Nimejifunza kwa miaka miwili kwa gita la kuazima, na sasa nimeamua kununua la kwangu mwenyewe, gita kavu la nyuzi za chuma, lililokwisha kutumika, kwa kuwa fedha niliyo nayo haifikii jipya la kiwango ninachokitaka. Nimebakiwa na mawili ya kuchagua, na bei zake zinakaribiana kiasi kwamba haziwezi kunisaidia kuamua.

La kwanza linapendeza macho. Vanishi yake inang'aa, mgongo wake una mistari ya mbao iliyokolea ambayo ni vigumu kuacha kuitazama, kingo zake zimezungushiwa ukanda mweupe, na sikuona juu yake hata mkwaruzo mmoja. Nyuzi ziko chini na vidole haviumii. Lakini nilipolipiga, sauti ilitoka fupi na butu, ikafa kabla sijauondoa mkono. La pili lina sura ya kutia huruma: uso wake wa mbele umegeuka rangi ya asali, umejaa mistari myembamba kama nywele, pana sehemu iliyolika kwa kucha karibu na tundu la sauti, na kando ya kile kibao cheusi cha kukingia mikwaruzo pana ufa wenye urefu wa kidole changu cha kati. Nyuzi zake ziko juu, na baada ya dakika kumi vidole vilikuwa vinaniwaka. Hata hivyo kordi ya kwanza niliyoipiga ilininyamazisha mpaka ilipokwisha yenyewe, na niliisikia kifuani, pale mgongo wa gita ulipogusana na mwili wangu.

Rafiki niliyekwenda naye anashikilia kwamba gita ni chombo cha sauti, na sura si kitu. Kaka yangu naye anasema kwamba mtu aliyeliacha gita lichakae nje namna ile hakulitunza ndani pia, na kwamba ninataka kununua matatizo ya mtu mwingine. Ninachoomba kwenu si kuchaguliwa gita, bali kufundishwa kupima. Ni dosari zipi za sura zinazosema jambo kuhusu afya ya gita, na zipi ni kovu tu? Na nitajuaje kwamba sauti niliyoipenda ni ya gita lenyewe, si ya nyuzi wala ya chumba? Wauzaji wote wawili wamenikubalia nirudi kukagua.

Fundi wa Mbao amejibu:

Ndugu Mwanagenzi, mimi hutengeneza magita, na mengi yanayoletwa kwangu siku chache baada ya kununuliwa yalikaguliwa kwa makini mahali pasipo na maana, yakaachwa bila kukaguliwa mahali penye ugonjwa. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Anza na nguvu inayofanya kazi ndani ya gita. Nyuzi sita za chuma za unene wa kawaida, zikikazwa hadi sauti yake sahihi, huvuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 70 hivi, usiku na mchana, na ubao wa mbele unaobeba mvuto huo una unene wa milimita 3 au pungufu. Kinachouzuia usikunjike ni mbavu za mbao zilizogundishwa upande wa ndani. Dosari yoyote inayohusiana na mvuto huo ni ugonjwa, na ile isiyohusiana nao, hata ikiwa inachukiza kuitazama, ni kovu.

Ile mistari kama nywele katika gita la pili huenda ni mipasuko ya vanishi tu. Vanishi ya nitroselulosi, iliyopakwa magita mengi ya zamani, hugeuka manjano kwa umri na hupasuka inapopigwa na baridi na joto kwa kupokezana, huku mbao iliyo chini yake ikiwa haina habari. Ufa wa mbao hufuata mishipa ya mbao, yaani huenda kwa urefu wa gita, lakini mipasuko ya vanishi huikatiza mishipa hiyo bila kujali. Sehemu iliyolika kwa kucha ni alama ya kwamba mtu alilipiga sana gita hilo, na mimi nikiona hivyo hujiuliza kwa nini alilipenda kiasi hicho.

Ufa ulio kando ya kibao una historia yake. Zamani vibao vile vya plastiki viligundishwa moja kwa moja kwenye mbao tupu, kabla ya vanishi kupakwa. Plastiki husinyaa kadiri miaka inavyopita, nayo ikisinyaa huivuta mbao iliyoshikamana nayo mpaka ipasuke ukingoni. Kiwanda cha Martin cha Marekani, kilichoanza kazi mwaka 1833, kiliendelea na mtindo huo mpaka miaka ya 1980, na ufa wa mahali hapo umezoeleka kiasi kwamba fundi hashtuki akiuona. Bonyeza polepole kwa ncha ya kidole upande mmoja wa ufa, kisha upande wa pili. Kingo zikipandana na kushuka, ufa umepenya na unahitaji gundi na vibandiko vidogo vya mbao kwa ndani, kazi ambayo si kubwa. Kisha tazama kwa ndani kwa taa na kioo kidogo, uone kama ufa umeishia hapo au umeikuta mbavu iliyoachia.

Sasa niseme lililonitia wasiwasi zaidi katika maelezo yako, nalo si gita la pili bali la kwanza. Umesema nyuzi ziko chini na sauti ni fupi na butu. Mambo hayo mawili yanaweza kuwa na mzazi mmoja. Mvuto wa nyuzi, baada ya miaka, huweza kuinua shingo kuelekea mbele, na nyuzi zikapanda juu ya freti, yaani vile vyuma vyembamba vinavyoikatiza shingo. Dawa ya kweli ni kuing'oa shingo na kuirudisha kwa pembe sahihi, kazi ngumu na ya gharama. Dawa ya mkato ni kuupiga msasa ule mfupa mweupe uliochomekwa juu ya daraja, kile kipande cha mbao kinachoshikilia nyuzi kwenye ubao wa mbele, mpaka nyuzi zishuke. Mnunuzi akilishika gita anaona raha vidoleni, lakini mfupa uliobaki chini sana hauupi tena ubao wa mbele msukumo wa kutosha, na sauti hudhoofika. Tena hapabaki kitu cha kushusha siku nyuzi zitakapopanda tena. Kwa hiyo usidhani kwamba ni macho peke yake yanayodanganywa. Vidole navyo hudanganywa, na mara nyingi hudanganywa kwa makusudi.

Kipimo chake ni rahisi. Chukua rula iliyonyooka, ilaze juu ya freti katikati ya shingo, isukume hadi iguse daraja. Katika gita lenye afya rula hufika usawa wa juu wa daraja, au hupita juu yake kidogo. Ikigonga ubavu wa daraja chini ya usawa huo, shingo imekwisha kuinuka. Kisha tazama mfupa wa daraja umechomoza kiasi gani: milimita 3 au zaidi ni akiba nzuri, milimita 1 ni onyo.

Kwa gita la pili, usikate tamaa kwa sababu nyuzi ziko juu, ila tafuta sababu. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya 1 na ya 14 kwa pamoja, uangalie nafasi iliyobaki chini yake karibu na freti ya 7. Inayofaa ni kama milimita 0.2, unene wa karatasi mbili za kawaida. Ikizidi sana, shingo imepinda, na kama ina chuma cha kurekebishia ndani yake, mzunguko mdogo wa ufunguo unaweza kumaliza tatizo. Hakikisha chuma hicho kipo, maana si magita yote ya zamani yanacho. Martin, kwa mfano, hawakuanza kuweka cha kurekebishwa mpaka mwaka 1985. Kimo cha kawaida cha nyuzi kwenye freti ya 12 ni milimita 2.4 hivi kwa uzi mnene kabisa na 1.8 kwa mwembamba kabisa.

Yaliyobaki nitayapita haraka. Jaribu kupenyeza ukingo wa karatasi chini ya daraja kwa nyuma. Ikiingia, daraja linaachia. Uvimbe mdogo wa ubao nyuma ya daraja ni wa kawaida, lakini bonde kubwa mbele ya tundu si la kawaida. Gonga ubao mzima kwa ncha ya kidole ukiwa umezizuia nyuzi kwa mkono mwingine, na usikilize kama kuna kinachotetema ndani. Mwisho, chungulia ukingo wa tundu la sauti. Mishipa ya uso wa mbele ikishuka moja kwa moja ndani ya unene wa ubao, hiyo ni mbao nzima. Ukiona tabaka zilizobebana kama za keki, ni plaiwudi, ambayo haipasuki kirahisi lakini haiimbi kama mbao nzima.

Nyuzi Sita amejibu:

Nakubaliana na fundi katika mengi, lakini naomba niwatetee wapenda sura kidogo, kwa sababu katika mazungumzo kama haya hugeuzwa watu wasio na akili.

Mimi nina miaka mingi katika kucharaza, na niliwahi kununua gita kwa sauti yake pekee. Lilikuwa baya la sura, lenye rangi iliyobanduka, na nilijisifu mbele ya wenzangu kwamba mimi nanunua kwa masikio. Baada ya miezi michache nilijikuta nalichukua lile jingine, la sauti ya kawaida, kila nilipotaka kupiga nusu saa kabla ya kulala. Sikujua sababu mpaka nilipojihoji kwa ukweli: lile la sauti nzuri sikupenda kulitazama, wala sikupenda shingo yake, iliyokuwa nene mithili ya mpini wa jembe. Mtu huendelea katika muziki kwa kulishika gita mara kwa mara, na kinachokuvuta ulishike ni kitu cha kupimwa pia.

Hata hivyo nitofautishe mambo mawili. Ipo sura inayouzwa kwa ghali kwa sababu watu wameambiwa ina sauti, na hiyo mimi siitetei. Mgongo wenye mistari iliyokolea, kama ule unaokuvutia wewe, ni mfano wake. Fundi Mhispania Antonio de Torres alitengeneza mwaka 1862 gita ambalo mgongo na mbavu zake za nje zilikuwa za makaratasi yaliyogandishwa kwa gundi, ili aonyeshe kwamba sauti hutoka hasa kwenye ubao wa mbele. Mwaka 1995 Bob Taylor wa Marekani naye alionyesha gita ambalo mgongo na ubavu wake vilitokana na mbao za paleti, lile jukwaa la mbao la kupakilia mizigo. Basi ukiupenda mgongo ule, upende kama unavyopenda picha ukutani, na usiulipie kama sauti.

Nina neno moja kuhusu methali ya uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, ambayo mtu ataileta hapa sasa hivi. Kwa gita haitufai, maana gita lolote ndani ni vipande vya mti, na ndivyo hivyo tunavyovitafuta.

Halafu jambo ambalo fundi hakuligusa: kuna hisia ya mkononi inayoweza kurekebishwa na kuna isiyoweza. Kimo cha nyuzi kinarekebishwa, freti zilizolika hubadilishwa, nyuzi nene huondolewa zikawekwa nyembamba. Lakini unene wa shingo, upana wake pale kichwani na urefu wa nyuzi kutoka kichwani hadi darajani utaishi navyo. Nafasi ya milimita 43 na ile ya 44.5 pale nyuzi zinapoanzia huonekana kama tofauti ya bure, lakini mwenye vidole vinene huijua. Na gita lenye nyuzi za urefu wa milimita 628 huwa laini chini ya vidole kuliko lenye 645, kwa nyuzi za unene uleule, kwa sababu hazihitaji kukazwa sana kufikia sauti ileile. Ulipolishika lile la pili, maumivu yalitoka kwenye kimo au kwenye umbo la shingo? Hilo ndilo la kujiuliza ukirudi.

Mwalimu wa Sauti amejibu:

Nataka kujibu sehemu ya swali iliyoachwa: utajuaje kwamba sauti uliyoipenda ni ya gita lenyewe.

Kwanza nyuzi. Nyuzi zilizochakaa, zilizojaa jasho na kutu, huua sauti za juu na kufupisha mwangwi, kiasi kwamba gita zuri lenye nyuzi za mwaka jana laweza kushindwa na gita hafifu lenye nyuzi za leo. Ukiweza, nunua seti mbili za nyuzi zilezile, umwombe kila muuzaji ruhusa ya kuzibadilisha mbele yake. Asipokubali, basi walau jua kwamba unalinganisha vitu visivyo sawa, na umwachie nafasi mwenye nyuzi mbovu.

Pili, mahali pa kusikilizia. Sauti ya gita hutoka kwa mbele, na wewe uliyelikumbatia uko nyuma yake. Umesema uliisikia kifuani, na siudharau ushahidi huo, kwa kuwa mgongo unaotetema ni dalili ya ubao uliochangamka, lakini kifua chako hakitawasaidia watakaokusikiliza. Mpe rafiki yako apige, ukae mbele yake hatua tatu. Ukiwa peke yako, keti ukiukabili ukuta kwa karibu, sauti itakurudia. Yote mawili yapigwe katika chumba kimoja, maana chumba chenye sakafu ngumu na kuta tupu hulipamba gita lolote.

Tatu, na hili ndilo ninalolisisitiza kwa wanafunzi wangu, geuza mgongo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha jaribio la magita sita ya nyuzi za chuma yaliyotofautiana katika mbao za mgongo na ubavu tu, za bei ghali na za bei nafuu. Wapigaji 52 waliyapiga katika chumba chenye mwanga hafifu wakiwa wamevaa miwani ya wachomeleaji, wasiweze kuona wanachokishika. Alama walizoyapa magita hayo kwa ubora wa sauti zilikaribiana sana, na bei ya mbao haikuonekana katika alama hizo. Hao walikuwa watu wazoefu. Basi wewe na mimi, tukiwa tumekwisha kuona vanishi inayong'aa au kinyume chake sura ya kizee inayotufanya tutarajie sauti ya hekima, tusijiamini kupita kiasi. Ndiyo, hata uchakavu huwavutia watu. Wako wanaosikia utamu kwa sababu wameona manjano.

Jaribio la kujifunika macho halikuambii gita lipi ni bora. Linakuambia kama tofauti unayoisikia inabaki baada ya macho kuondolewa. Ikibaki, iamini.

Usipime kwa kordi nzito peke yake, kwa sababu kordi hufunika mengi. Piga noti mojamoja kila uzi, kila freti, mpaka juu, ukisikiliza noti inayokufa mapema kuliko jirani zake na uzi unaokwaruza freti. Piga kwa upole sana, halafu kwa nguvu. Gita lililo zuri hubadilika tabia kati ya viwili hivyo, na hafifu huongeza kelele tu. Piga harmoniki ya freti ya 12, yaani sauti itokayo uzi ukiguswa kidogo tu bila kubonyezwa, kisha ubonyeze uzi papo hapo upige tena. Zisipolingana, gita halitakubaliana na sauti yake lenyewe huko juu, hata ukilipatanisha nyuzi vipi.

Msikilizaji amejibu:

La ufupi tu: ingiza pua kwenye tundu la sauti na unuse. Harufu ya ukungu ni alama ya unyevu wa muda mrefu, na unyevu hulegeza gundi. Hili halionekani kwenye picha wala halisikiki kwenye kordi.

Mwanagenzi amejibu:

Ninawashukuru kwa dhati. Nilirudi kwa wauzaji wote wawili nikiwa na rula, taa, kioo kidogo, karatasi na seti mbili za nyuzi, na nadhani mmoja wao alinidhania mkaguzi wa serikali.

Katika gita la sura nzuri, rula iligonga ubavu wa daraja karibu milimita 2 chini ya usawa wake wa juu. Mfupa wa daraja ulichomoza milimita 1 tu upande wa nyuzi nyembamba, na ulikuwa na alama za msasa ambazo sikuziona mara ya kwanza kwa sababu nilikuwa nautazama mgongo. Ukingo wa tundu ulionyesha tabaka tatu. Nilipoweka nyuzi mpya sauti ilichangamka, na nakiri kwamba kwa dakika chache nilisita, lakini bado ilikwisha mapema. Niliupiga uzi wa tano wazi, nikahesabu kimoyomoyo hadi ukanyamaza: nilifika kumi na moja. Katika gita chakavu nilifika kumi na tisa kwa mwendo uleule wa kuhesabu.

Katika gita chakavu, rula ilifika juu ya daraja bila kugonga, na mfupa umechomoza milimita 4. Nafasi kwenye freti ya 7 ilibeba karatasi sita, na ndani ya tundu nimekiona kichwa cha chuma cha kurekebishia shingo. Ufa unafuata mishipa ya mbao na kingo zake zinacheza kidogo nikibonyeza. Lakini nilipogonga ubao kulikuwa na mtetemo upande wa nyuzi nene, na kioo kilionyesha ncha ya ubavu mmoja wa ndani imeachia kwa urefu wa kama sentimita 3. Nilipoangaza mgongo kwa ndani nikakuta kitu kilichonishangaza: vibandiko vitatu vya mbao, vimechongwa kingo na kupangwa kwa unadhifu juu ya ufa wa zamani ambao kwa nje hauonekani kabisa. Kaka yangu alivitazama kwa muda, kisha akasema kwamba huenda yule mwenye gita alilitunza kwa njia yake. Harufu ni ya mbao kavu.

Tulifanya pia jaribio la kugeuza mgongo, na magita yote mawili yakiwa na nyuzi mpya. Kati ya mara kumi nililitambua gita chakavu mara tisa. Kaka yangu alitambua mara sita, naye mara mbili alilipenda lile la sura nzuri lilipopigwa kwa upole, kwa hiyo sitadai kwamba halina lolote. Na kwa swali la Nyuzi Sita: maumivu yalitoka kwenye kimo. Shingo ni nene kuliko niliyoizoea, lakini nilipiga kordi za kubana freti za juu, ambako kimo hakikunitesa sana kama nilivyodhani, na mkono haukulalamika.

Bado swali moja. Mtetemo ule wa ubavu ulioachia, ni jambo la kunikimbiza?

Fundi wa Mbao amejibu:

Si la kukukimbiza, ila ni la kumwambia muuzaji, kwa sababu ni kasoro ya kweli na ina haki ya kuonekana kwenye bei. Ncha ya ubavu ikiachia kwa sentimita 3, gundi hupenyezwa, hubanwa kwa klempu inayopitia tundu la sauti, na huachwa usiku kucha. Usiendelee kulipiga hivyo kwa miezi, kwa kuwa sehemu iliyoachia huikabidhi kazi yake sehemu ya jirani. Hata hivyo nakusahihisha katika jambo moja: kuhesabu mpaka uzi unyamaze ni kipimo cha kusaidia, lakini sauti inayodumu sana si lazima iwe nzuri. Yapo magita mazuri mno yenye sauti kali inayokwisha upesi, na wapigaji wa mitindo ya haraka huyatafuta hayo hasa.

Nyuzi Sita amejibu:

Naona mwenzangu ameelekea kwenye chakavu, nami simzuii. Ila msije mkamletea habari za gita la Willie Nelson, mwanamuziki wa Marekani, kumpa moyo. Ni kweli kwamba Martin N-20 yake, aliyokuwa nayo tangu mwaka 1969, ina tundu la pili lililotokana na mbao kulika kwa kupigwa kwake miaka mingi, na bado inafanya kazi. Lakini lile ni gita la nyuzi za nailoni, ambazo huvuta takriban nusu ya nguvu ya nyuzi za chuma, na lina fundi wake anayelitengeneza mara kwa mara. Ufa wa gita lako unabeba kilo 70.

Fundi wa Mbao amejibu:

Umesema kweli, na ndiyo maana namwongezea mnunuzi maelekezo haya. Ukishalinunua, usikimbilie kuuziba ufa siku ileile. Mbao iliyokauka husinyaa na kuachana, na ikirudishiwa unyevu hutanuka. Lihifadhi ndani ya kasha lake pamoja na kitunza unyevu kwa wiki kadhaa, unyevu wa hewa ukiwa kati ya asilimia 45 na 55, huku ukikitazama kipimo. Mara nyingi ufa wa namna hiyo hujifunga karibu wote wenyewe, na hapo ndipo fundi autie gundi na vibandiko, aung'oe kibao cha plastiki na kukirudisha juu ya vanishi badala ya juu ya mbao. Ukiuziba ukiwa wazi, utakuwa umeujaza gundi mahali ambapo mbao ilitaka kurudi. Shingo nayo irekebishwe kwa robo ya mzunguko, isubiriwe siku moja, ndipo iongezwe robo nyingine. Na tafadhali, yeyote atakayekwambia kwamba vanishi ile yenye mistari ipigwe msasa na kupakwa upya ili gita lipendeze, mnyime gita hilo hata kwa kulitazama.